Wanajeshi wakifanya uhalifu ugenini: maswali ninayoulizwa kila mara

Mtaani kwetu, kati ya Mwenge na Lugalo, ni nadra kukosa jirani anayevaa kombati au anayemfulia mtu kombati. Kwa hiyo habari ya mwanajeshi aliyefanya kosa nchi ya watu haitufikii kama habari ya mbali. Inaingia ndani na kukaa sebuleni. Tangu nilipoanza kuandika juu ya kesi ya Nanyuki, Kenya, ya dada aliyeuawa na wanajeshi wa Kiingereza kutajwa kuhusika, nimekuwa nikipokea maswali yaleyale: mengine kwa WhatsApp, mengine dukani nikisubiri chenji, mengine kwa hasira. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe namjibu kila mtu peke yake.

Ni kweli wanajeshi wa Tanzania waliwahi kurudishwa nyumbani kwa tuhuma za namna hii?

Ni kweli. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwarudisha wanajeshi 60 wa Tanzania waliokuwa kwenye kambi ya muda magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, chini ya misheni ya kulinda amani iitwayo MINUSCA. Uchunguzi wa awali ulikuwa umepata ushahidi kwamba 11 kati yao walihusika na unyanyasaji wa kingono. Waathirika waliotajwa walikuwa wanne.

Habari ilipotoka, jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye kijana wake alikuwa huko, alikuja kwangu jioni na simu mkononi. Alikuwa ameifunika kwa pindo la khanga, kana kwamba wapita njia wangeweza kuisoma. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee tena hapa. Wameandika kambi gani?" Nikasoma. Akataka nirudie. Kambi haikuwa ya mwanawe. Akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi, akasema "Alhamdulillahi," nami nikamletea maji ya kunywa. Tulizungumza mpaka adhana ya isha. Tulizungumzia jina la nchi, aibu, posho zitakazokatika, na wale 49 ambao hawakutuhumiwa kwa lolote lakini wamerudishwa pamoja na wenzao.

Kesho yake asubuhi, nikifagia uwanja, ndipo iliponijia kwamba katika maongezi yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyewataja wale wanne. Hatukuuliza wana umri gani, nani anawauguza, usiku ule wamelala wapi. Niliona haya sana. Yote ninayoyaandika hapa yametokana na haya ile.

Mwanajeshi akiua au kubaka nchi ya watu, anashtakiwa na nani?

Inategemea amekwenda huko kwa mkataba gani, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Akiwa mlinzi wa amani, mkataba wa mfano ambao Umoja wa Mataifa huutumia na nchi mwenyeji unasema kwamba mwanajeshi wa kikosi yuko chini ya mamlaka ya jinai ya nchi iliyomtuma, na ya nchi hiyo peke yake. Hata polisi wa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakimkuta na damu mikononi, mahakama ya Bangui haiwezi kumhukumu. Umoja wa Mataifa nao hauna mahakama ya jinai wala jela. Unaweza kuchunguza kwa upande wake, kuzuia malipo, kumrudisha kwao na kumzuia asikanyage tena misheni yoyote. Basi. Nchi iliyomtuma ikishapelekewa tuhuma ina siku 10 za kazi kujibu kama itachunguza yenyewe, na kuanzia hapo faili linahamia nyumbani. Kwa mwanajeshi wetu, nyumbani maana yake ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, yenye kanuni za nidhamu za jeshi na mahakama za kijeshi.

Akiwa ugenini kwa makubaliano ya nchi mbili, kama Waingereza walioko Kenya au Wamarekani walioko Japani na Korea Kusini, kila mkataba una masharti yake. Mara nyingi kosa lililofanyika mtu akiwa kazini huachiwa jeshi lake, na kosa la nje ya kazi huangukia mahakama za mwenyeji. Kwenye karatasi linaeleweka. Shida inakuja kwa vitendo. Nani anaamua kwamba saa ile alikuwa kazini? Nani anamshikilia wakati upelelezi unaendelea? Akishapanda ndege, nani atamfuata? Ukizichunguza hasira nyingi za wananchi nitakazozieleza huko chini, utakuta chanzo chake ni mojawapo ya maswali hayo matatu.

Nanyuki ilikuwaje, na kwa nini imechukua miaka yote hii?

Mwishoni mwa Machi 2012 dada mmoja wa miaka 21, mwenye mtoto wa miezi mitano, alionekana mara ya mwisho usiku kwenye hoteli moja mjini Nanyuki walikokuwa wakistarehe wanajeshi wa Kiingereza waliokuja Kenya kwa mazoezi. Baada ya kama miezi miwili mwili wake ulipatikana kwenye shimo la maji taka la hoteli hiyohiyo. Wanajeshi wale walikuwa wameshaondoka nchini.

Mwaka 2019 hakimu wa Kenya aliyeendesha uchunguzi wa kifo alihitimisha kwamba dada yule aliuawa, na kwamba waliohusika ni wanajeshi wa Kiingereza. Mwaka 2021 gazeti moja la Uingereza likaandika kwamba ndani ya kikosi jambo lile lilikuwa likijulikana, na wapo waliolifanyia mzaha mtandaoni. Septemba 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hati ya kumkamata Mwingereza mmoja aliyekuwa mwanajeshi. Novemba mwaka huohuo akakamatwa kwao, na suala la kumpeleka Kenya likaingia mahakamani huko. Hajatiwa hatiani, na kila anayelisimulia jambo hili lazima aliseme hilo.

Piga hesabu. Yule mtoto wa miezi mitano alikuwa na miaka 13 hati ile ilipotolewa. Amelelewa na ndugu za mama yake, na ni ndugu hao hao waliokuwa wakirudi polisi mwaka hadi mwaka, kabla gazeti lolote halijawasikia.

Watu huniuliza mbona Nanyuki yote haikuinuka siku ile ile. Nanyuki ni mji unaokula kwa kambi ile. Wako wapishi, madereva, wauza nyama, wenye nyumba za kupangisha. Ukimkemea anayekulipa unajua kesho utakosa nini. Hata hivyo watu walikuwa na orodha yao moyoni. Wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu, zaidi ya 200, walilipwa na Uingereza fidia ya pauni milioni 4.5 mwaka 2002 kwa vifo na majeraha ya mabomu yaliyoachwa kwenye malisho. Machi 2021 moto uliwaka kwenye hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya Waingereza na kuteketeza eneo kubwa. Kesi ya dada yule ilipoibuka upya, ilikuta watu wana mengi ya kusema, na kamati ya Bunge la Kenya ikaenda kuwasikiliza wananchi wa Laikipia na Samburu wenyewe. Mimi nilizifuata zile habari hapa Dar kwa wivu fulani: wafugaji wamekaa mbele ya wabunge, wanataja jina la kisima, jina la mtoto, mwaka.

Okinawa inatajwa kila mara. Ilitokea nini huko?

Okinawa ni kisiwa kidogo cha kusini mwa Japani. Mkoa ule hauna hata asilimia moja ya ardhi ya Japani, lakini umebeba takriban asilimia 70 ya maeneo ya kambi za Marekani nchini humo. Septemba 1995 wanajeshi watatu wa Kimarekani walimteka mtoto wa kike wa miaka 12 aliyekuwa ametoka kununua daftari la shule, wakambaka. Polisi wa Japani waliwajua watuhumiwa, lakini kwa mujibu wa mkataba hawakuweza kukabidhiwa mpaka washtakiwe rasmi.

Hilo ndilo lililowasha moto. Oktoba 21, 1995, watu wapatao 85,000 walikusanyika Ginowan. Kwenye mkoa wa watu milioni moja na ushee, huo ni umati wa kutisha. Wazee waliokumbuka vita vya 1945 walisimama pamoja na wanafunzi wenye sare. Amiri wa Marekani aliyesema kwamba kwa pesa walizokodishia gari vijana wale wangeweza kupata malaya aliondolewa kwenye cheo chake mwezi uliofuata. Serikali hizo mbili zikakubaliana kwamba kwenye makosa ya kuua na kubaka Marekani itafikiria kumkabidhi mtuhumiwa mapema, kabla ya mashtaka. Watatu wale walihukumiwa na mahakama ya Naha mwaka 1996, vifungo vya miaka sita na nusu hadi saba. Mwaka huohuo ikatangazwa kwamba kambi ya anga ya Futenma, iliyo katikati ya makazi ya watu, itarudishwa.

Futenma haijarudishwa mpaka leo, kwa sababu ilitakiwa ihamie Henoko, kisiwani humo humo, na watu wa Okinawa hawataki. Walidai mzigo upungue, wakapewa mzigo uliosogezwa.

Na Korea Kusini?

Juni 2002 gari la deraya la jeshi la Marekani liliwakanyaga wasichana wawili wa miaka 14 waliokuwa wakitembea kando ya barabara nyembamba wilayani Yangju. Nchi nzima ilikuwa kwenye Kombe la Dunia, na mwanzoni wachache walijali. Novemba mahakama ya kijeshi ya Marekani ikawaachia huru askari wawili waliokuwa ndani ya gari lile. Ndipo watu wakatoka na mishumaa usiku, Seoul ikajaa. Wengi waliotoka hawakuwa wakisema kwamba askari wale waliua kwa makusudi. Walichokuwa wakiuliza ni kwa nini kesi ya watoto wa Korea, waliofia barabara ya Korea, isikilizwe na wenzao wa mtuhumiwa. Uchaguzi wa rais wa Desemba mwaka ule ulifanyika katikati ya hali hiyo.

Wananchi husimama na waathirika siku zote?

Hapana, na hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Kosa likifanywa na mgeni kwako, ni rahisi kujua nani wa kumlilia. Kosa likifanywa na wa kwenu, kwa watu usiowajua, moyo unageuka.

Machi 16, 1968, wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji wa My Lai, Vietnam, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Vietnam huwahesabu 504. Mwaka 1971 Luteni William Calley alitiwa hatiani kwa kuua watu 22 na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Wamarekani wengi walikasirika, tena wakimkasirikia jaji na jeshi kwa kumfunga. Barua na simu zikamiminika Ikulu yao. Rais Nixon akaagiza atolewe mahabusu akae kwenye nyumba yake kambini, na baada ya kama miaka mitatu na nusu akawa huru. Hugh Thompson, rubani wa helikopta aliyetua katikati ya askari wenzake na wanakijiji ili kuwaokoa waliobaki, aliitwa msaliti kwa miaka mingi. Nishani ya kustahili kazi ile aliipata 1998, miaka 30 baadaye.

Kanada ilikuwa tofauti, ingawa nayo ilichelewa. Machi 1993, huko Beledweyne, Somalia, wanajeshi wa kikosi cha miamvuli cha Kanada walimkamata kijana wa Kisomali wa miaka 16 aliyeingia kambini, wakamtesa usiku kucha mpaka akafa. Walipiga naye picha. Picha zile zilipoonekana Kanada, watu waliozoea kujisifia kwamba wao ndio walinzi wa amani wa dunia walishindwa kutazamana. Mwanajeshi mmoja alifungwa miaka mitano. Mwaka 1995, baada ya video nyingine kuonyesha ubaguzi na udhalilishaji ndani ya kikosi, serikali ilikivunja kikosi kizima na kuunda tume ya uchunguzi. Baadaye serikali hiyo hiyo ikaikatiza tume kabla haijamaliza kazi, na Wakanada wapo wanaolilalamikia hilo hadi sasa.

Mimi nawatazama Wakanada nikiwa na jirani yangu akilini. Nao walianza na "jina la nchi yetu". Wengine wakasogea mbele kidogo, wakauliza kijana yule alikuwa nani.

Ukiandika hivi huoni unalichafua jeshi letu?

Swali hili huja na sauti ya juu, nami nalichukua kwa uzito kwa sababu wanaoliuliza wanalipenda jeshi, na mimi nalipenda. Jina lenyewe ni Jeshi la Wananchi. Wazee wetu walioingia Kampala Aprili 1979 wapo bado mitaani, ukimpisha mmoja kiti kwenye daladala unajua unampisha nani. Na Desemba 2017, baada ya shambulio la Semuliki huko Kivu Kaskazini, Kongo, lililotuondolea vijana wasiopungua 14 kwa usiku mmoja, nilikuwa kati ya watu waliosimama Upanga majeneza yakipelekwa Ngome, makao makuu ya jeshi, kuagwa. Yalikuwa yamefunikwa bendera. Kando yangu alisimama kijana wa bodaboda, amevua helmeti, ameishika kifuani kwa mikono miwili, jua linamchoma usoni na hajifuti jasho.

Kwa ajili ya wale waliolala Semuliki, sikubali mtu aliyembaka mtoto ajifiche nyuma ya bendera ile ile. Anayelichafua jeshi ni aliyefanya. Anayefuata kwa kulichafua ni mkubwa aliyejua akanyamaza. Mimi na wewe tunaouliza kesi imefika wapi tumo kwenye kundi jingine kabisa.

Na ule msemo wa samaki mmoja akioza wote wameoza, naomba tuuweke kando kwenye jambo hili. Unawaumiza wale 49 ambao hawakutajwa, na wakati huo huo unampa mwenye kosa kundi la kujificha ndani yake.

Mabinti wenyewe si walijipeleka kambini?

Nimelisikia hili kwa wanaume na kwa wanawake pia, tena wanawake wenye mabinti.

Fikiria hali yenyewe. Kijiji kimechomwa, shamba halifikiki, baba ameuawa au amekimbia. Ng'ambo ya waya kuna watu wenye maji safi, biskuti, pakiti za chakula, dola. Binti anapelekwa na njaa. Umoja wa Mataifa ulilijua hili zamani, ndiyo maana kanuni ya Katibu Mkuu ya mwaka 2003 inakataza kutoa pesa, kazi, chakula au msaada wowote ili kupata ngono, hata pale sheria ya nchi mwenyeji inaporuhusu, na inakataza ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18. Huwezi kujitetea kwamba ulidhani ni mkubwa.

Kwetu sheria ni kali vilevile. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Kama mtu wa Tandika akimfanyia hivyo binti wa jirani tunapiga kelele mpaka mwenyekiti wa mtaa anakuja, sioni kwa nini binti wa Beni, mashariki mwa Kongo, awe na bei nyingine.

Na wanaosingiziwa?

Wapo. Ndiyo maana nataka kesi isikilizwe mahakamani, ushahidi upimwe, mtu asafishwe au afungwe. Ukimya unamdhuru asiye na hatia pia: anarudi mtaani na minong'ono inayomfuata mpaka msikitini na kanisani, na hana hukumu ya kuionyesha.

Watoto waliozaliwa na walinzi wa amani wana haki gani?

Mwaka 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda kikosi maalumu cha mapigano mashariki mwa Kongo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tuliwapungia mikono. Mwaka 2016 zikatangazwa tuhuma dhidi ya wanajeshi wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, nyingi zikihusu kuzaa na wanawake na wasichana wa pale, baadhi yao hawajatimiza miaka 18.

Kuna jambo ambalo magazeti ya nje hayawezi kulihisi kama tunavyolihisi sisi. Beni wanazungumza Kiswahili. Mwanajeshi wa Kimarekani na msichana wa Okinawa hawakuwa na lugha moja. Askari wetu aliposema "karibu", "usiogope", "nitakuoa", alieleweka neno kwa neno. Na mama yule leo akimwambia mtoto baba yako alitoka Tanzania, anamwambia kwa lugha ya baba yake. Mtoto yule akija Kariakoo kesho ataulizia njia bila mkalimani.

Haki anazo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inaruhusu mahakama kuagiza kipimo cha vinasaba pale ubaba unapobishaniwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa hapa Dar. Umoja wa Mataifa husaidia kukusanya sampuli na kupeleka madai, lakini hauwezi kumlazimisha baba kulipa. Hilo hufanywa na mahakama ya nchi ya baba. Sasa mwambie mwanamke wa Mavivi, mwenye mtoto mgongoni na muhogo wa kuuza, afungue shauri kwenye mahakama ya Kisutu, Dar. Nani atampa nauli, nani atamwandikia? Wanasheria wetu wa msaada wa kisheria wangeweza kuanzia hapo, na ni kazi ambayo isingemgombanisha mtu na jeshi.

Kuna hatua zozote zilizobadilika kimataifa?

Kiasi. Mwaka 2014 ziliibuka habari za wanajeshi wa Ufaransa kuwadhalilisha watoto wakimbizi karibu na uwanja wa ndege wa Bangui. Wale hawakuwa chini ya Umoja wa Mataifa, lakini maofisa wa Umoja wa Mataifa walizijua habari zile na wakazembea. Jopo huru lililoongozwa na jaji wa Kanada, Marie Deschamps, liliwakosoa vikali mwaka 2015. Kesi huko Ufaransa ilifutwa 2018 bila mtu kushtakiwa. Kelele za wakati ule ndizo zilizosukuma azimio namba 2272 la Machi 2016, linaloruhusu kikosi kizima kurudishwa. Ndiyo sababu Gabon ilirudishiwa wanajeshi wake 450 mwaka 2021, na sisi 60 wetu mwaka 2023. Umekuwepo pia mfuko wa kusaidia waathirika tangu 2016, na mtetezi wa haki zao tangu 2017.

Kurudisha kikosi si hukumu, lakini. Mwenye kosa anapanda ndege kwenda kwao, na aliyekosewa anabaki pale pale penye waya.

Mimi niko Dar, nitafanya nini?

Uliza. Umoja wa Mataifa una tovuti inayoweka wazi tuhuma dhidi ya wanajeshi wa kila nchi, mwaka kwa mwaka, pamoja na hatua zilizochukuliwa. Ifungue, tafuta Tanzania, soma, kisha mwandikie mbunge wako. Bunge lina kamati inayosimamia mambo ya nje, ulinzi na usalama, na swali la "upelelezi umefika wapi, mahakama ya kijeshi iliamua nini" halifichui siri yoyote ya ulinzi. Halina idadi ya bunduki wala ramani ya kambi.

Usisambaze picha za waathirika, hata kwa nia njema. Mwaka juzi kwenye kundi letu la mtaa mtu alituma picha ya binti wa Kikongo, uso wazi, na maneno ya huruma chini yake. Nilimwomba aifute, akakasirika, akasema anamtetea. Binti yule ana shangazi, ana wanafunzi wenzake, na simu zimefika kila kijiji.

Na mwandishi mwenzangu, ukiripoti, anza na wale wanne.

Kaka yako alikwenda Kongo. Yeye anasemaje?

Hapendi kuzungumza, na simlazimishi. Jioni moja, mwaka jana, tulikuwa tumekaa barazani akichambua vitu vya zamani kwenye begi lake la kijani. Akatoa kikadi kidogo cha plastiki, pembe zimekunjika, kile wanachopewa walinzi wa amani kuhusu mwenendo: usiombe ngono kwa malipo, usimguse aliye chini ya miaka 18, ukiona mwenzako anafanya, toa taarifa.

Akanieleza jinsi akina mama walivyokuwa wakija asubuhi kwenye waya kuuza ndizi na mayai ya kuchemsha, kila mmoja na mahali pake pa kukaa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akimsaidia mama yake kumenya mayai. Wiki moja mama alikuja peke yake. Kaka anasema kila mmoja kwenye zamu ile aliona. Hakuna aliyeuliza.

"Ulikuwa nacho wakati ule?" nikamwuliza, nikimaanisha kile kikadi.

"Mfukoni," akasema. "Hapa." Akagusa kifua upande wa kushoto, kisha akakirudisha kwenye begi na kufunga zipu.